Meza Iliyofunikwa Shuka

Siku niliyovua magwanda ya jeshi kwa mara ya mwisho nilidhani kazi ngumu imekwisha. Nilirudi nyumbani kwetu Kasese na sanduku la bati, jozi ya buti nisizojua nitazivaa kwenda wapi, na goti la kulia linalojua mvua inakuja kabla mawingu hayajashuka milimani. Nilikuwa nimepita hamsini. Kijana wa bodaboda aliyenifikisha mlangoni aliniita mzee, nami nikageuka kutazama huyo mzee amesimama wapi.

Mimi si mtu wa huku. Nimezaliwa West Nile, upande mwingine kabisa wa nchi, nikaingia jeshini kabla ndevu hazijaota. Nilihamishwa huku na kule mpaka nikaletwa kwenye kambi iliyo chini ya Rwenzori. Huko ndiko nilikomwona binti wa Kikonzo, Mwislamu, akimsaidia baba yake kuuza vitenge. Nikaoa. Baada ya hapo jeshi likaendelea kunihamisha, ila mimi peke yangu, maana mke wangu alisema wazi kwamba yeye hajaandikishwa. Kwa hiyo miaka yote niliyokuwa nikilinda mageti, maghala na madaraja, yeye alikuwa akijenga nyumba, akisomesha watoto, na kuwa mtu ambaye soko zima la Bwera, kule mpakani na Kongo, linamjua. Mimi nilikuwa nakuja likizo, nakaa barazani, na wapita njia wananipongeza kwa nyumba nisiyoijenga.

Sasa nilikuwa nimekuja kukaa moja kwa moja, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Niliamka kabla ya adhana ya alfajiri kama nilivyozoea. Nikishaswali nilikagua nyumba. Nilipanga viatu vya watu wote kwa urefu. Nilikunja blanketi za wageni mpaka kona zake zikawa na makali. Vyote vilipokwisha, nikakusanya mawe ya mtoni, nikayapanga pande mbili za njia ya uani, nikayapaka chokaa. Kambini hakuna njia isiyo na mawe meupe. Majirani wawili walikuja kuuliza kama tunatarajia mgeni mkubwa.

Mke wangu alisimama na ndoo mkononi akayafuata mawe yale kwa macho mpaka mwisho wa njia.

"Baba watoto," akasema, "hii njia inaenda choo. Nani atapigiwa saluti huko?"

Alicheka, na mimi nikacheka, lakini nilibaki na chokaa kwenye vidole na sikujua nitafanya nini kesho yake. Watoto walikuwa wameshaondoka nyumbani, kila mmoja na mji wake. Mtu wa umri wangu huambiwa apumzike, na kila aliyeniambia hivyo nilitamani kumuuliza kupumzika kunafanywaje na kunaanza saa ngapi.

Ndipo alipokuja rafiki yangu. Huyu tuliingia jeshini pamoja, tukala sahani moja, na yeye alitangulia kustaafu. Alikuwa amevaa sare ya kampuni ya ulinzi, kofia imekaa sawasawa. Alikuwa akilinda geti la duka kubwa la jumla pale pale Kasese, na kulikuwa na nafasi ya pili.

"Afande, hii kazi ni yako," alisema. "Bunduki iko, kiti iko, kivuli iko. Mimi nimesema jina yako tayari. Wanangoja mpaka Idi."

Idi ya kuchinja haikuwa mbali. Nilimshukuru, nikamsindikiza mpaka barabarani, nikarudi kukaa barazani. Ilikuwa kazi ya heshima na naijua hata nikiwa usingizini. Lakini nilipojiona pale getini, nikifungua mikoba ya watu na kumtazama kila anayeingia kama mwizi ambaye hajashikwa bado, niliogopa. Nasema kweli, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa milio ya risasi. Niliona kiti kile cha plastiki kikinizeekea na mimi nikikizeekea.

Mchana wa siku iliyofuata tulikuwa tumekaa na bundu, ule ugali wetu wa muhogo, kwa samaki wa Katwe. Mke wangu akanawa mikono, akasema anataka kuongea jambo. Alisema naye amechoka na meza moja, ile ya vitenge aliyoachiwa na baba yake sokoni Bwera. Tangu watoto wakiwa wadogo alikuwa na ndoto ya kufungua chumba cha kushona hapa Kasese, cherehani zake mwenyewe, mafundi wake mwenyewe. Chumba alikuwa ameshakiona. Kilichobaki ni mtu wa kushika meza ya Bwera.

"Mdogo wangu anataka hiyo meza," akasema. "Mimi nimewaza wewe. Jaribu mpaka Idi. Ukiweza, meza ni yako. Ukishindwa, nampa mdogo wangu, na wewe enda kwa geti ya rafiki yako. Hakuna kulia."

"Mimi nishindwe kuuza nguo?" nikamwambia. "Nimeongoza platuni."

"Platuni hainunui," akasema, akaanza kukusanya sahani.

Soko la Bwera hukolea Jumanne na Ijumaa, wakati watu wa upande wa Kongo wanapovuka na watu wa Kasese wanaposhuka, na kila mtu anamuuzia mwenzake kile ambacho mwenzake alidhani anacho cha kutosha. Jumanne ya kwanza nilifika kabla ya kila mtu. Mke wangu alikwenda kusalimiana na wenzake, nami nikapata nafasi ya kuonyesha ninachokijua. Nilitoa vitenge vyote sandukuni, nikavikunja upya, kila kimoja kwa upana wa kiganja na nusu. Nikavipanga kwa rangi, vyekundu na vyekundu, buluu na buluu. Nilipiga mstari wa mbele kwa kamba ili pasiwe na kilichochomoza. Nilipomaliza nilirudi nyuma hatua chache, nikaridhika. Hata jenerali angepita pale angetikisa kichwa kwa kukubali.

Watu walipita kweli. Walitazama, wakapunguza mwendo, wakapita. Muuza chupa za chai wa meza ya jirani, mzee mwenye kofia ya kufuma na maneno mengi, alinikazia macho tangu asubuhi. Mwishowe akaniuliza: "Afande, hii meza ya leo ni ya kuuza ao ya kuangalia?"

Mwanamke mmoja kutoka Nyakalengija, mke wa mpagazi wa milimani, alipata ujasiri akavuta kitenge kutoka katikati ya rundo. Safu nzima ikainama. Kabla sijafikiri, mdomo wangu ulikuwa umeshasema, "Rudisha kama ulivyokuta." Akarudisha. Akaja mwingine, nikasimama wima nikamwambia, "Sema shida yako," maana ndivyo tulivyomwambia kila aliyefika ofisini kambini. Akajibu kwa upole kwamba hana shida yoyote, alikuwa anapita tu, na akapita kwa haraka zaidi.

Mke wangu aliporudi alikaa kwenye kigoda nyuma yangu, mtandio mdomoni, mabega yakitikisika. Nilimwacha acheke mpaka akaishiwa. Kisha akainuka, akachukua kitenge cha juu kabisa katika safu yangu nzuri, akakishika ncha mbili na kukikung'uta mara moja, kikafunguka hewani na kumwangukia begani msichana aliyekuwa akipita na shughuli zake. Msichana alisimama. Akajitazama. Akaanza kuuliza bei.

"Umeona?" mke wangu aliniambia baadaye. "Ukikunja hivyo, wanaogopa kuharibu kazi yako. Fungua. Wacha washike. Wacha imwagike kidogo."

Kuona nilikuwa nimeona. Mikono ndiyo iliyokataa. Niliacha vitatu vimelegea pembeni ili asiseme sikumsikia, na vingine nikavirudisha kwenye mstari.

Ijumaa mke wangu alibaki Kasese kuzungumza na mwenye chumba, akaniacha peke yangu. Sasa lazima nieleze desturi ya soko letu. Ijumaa, adhana ya mchana inapoita, wafanyabiashara Waislamu hufunika meza zao kwa shuka na kwenda msikitini. Hakuna anayebaki. Shuka ikiwa juu ya meza, maana yake ni kwamba mwenyewe yuko mbele ya Mungu na atarudi. Mteja wa zamani aliye na haraka anaruhusiwa kuinua ukingo, kuchagua anachotaka, kukaa nacho kwenye kigoda na kumsubiri mwenye meza. Mambo yamekuwa hivyo tangu enzi za baba mkwe wangu, na watu wa dini nyingine wanaiheshimu desturi hiyo kama sisi.

Mzee wa chupa za chai alifunika meza yake, akanisubiri.

"Nani analinda?" nikamuuliza.

"Funika. Twende."

"Shuka si askari, mzee."

Alinitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyepanda juu ya paa, akaenda zake. Mimi nilifunika meza, hilo nilitii. Kisha nikaenda kujificha nyuma ya rundo la magodoro la meza ya mbele, nikachuchumaa juu ya goti langu la mvua. Ndiyo, nilitega mtego. Watu walikuwa wameacha mali ya mamilioni chini ya mashuka ya maua, na mimi peke yangu, nilivyoamini, ndiye niliyekuwa na akili.

Haukupita muda akaja mwanamke mnene mwenye kitambaa cha kichwa cha njano na kikapu mkononi. Alitembea moja kwa moja mpaka kwenye meza yetu. Akaweka kikapu chini. Akainua shuka, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akaanza kuvuta.

Niliruka kutoka nyuma ya magodoro.

"Wee! Simama hapo! Hapana gusa! Mikono juu!"

Mikono ikapanda. Kikapu kikapinduka, nyanya zikatawanyika chini ya meza za watu. Soko zima, yaani nusu iliyobaki, likageuka kututazama. Mwanamke yule alinitazama mimi, akatazama mikono yake iliyokuwa juu, kisha akaishusha polepole mwenyewe bila kuomba ruhusa.

"Miye ni mwizi?" akasema kwa Kiswahili cha kwao ng'ambo. "Miye? Tangu siku za muzee, baba ya bibi yako, niko nanunua hapa. Hata siku moja hakuna mutu aliniambia inua mikono. Weye ni nani?"

Nilipiga magoti kuokota nyanya, lakini alikataa nisiziguse. Aliokota moja moja, akapanga kikapu chake, akaondoka mgongo wake ukiwa umenyooka. Nilibaki nimeshika shuka ya maua.

Watu waliporudi kutoka msikitini hakuna aliyenigombeza, na hilo ndilo lililonimaliza. Mzee wa chupa za chai aliuliza tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za msiba, "Ni kweli ulikamata ule mama wa ng'ambo?" Kisha akanieleza nilichokuwa sijui. Yule mama ni fundi cherehani. Anashonea kwaya, harusi na matanga upande wa pili wa mpaka, na nusu ya vitenge vinavyotoka kwenye meza ya mke wangu hupita mikononi mwake. Meza ile imesimama kwa sababu yake.

Nilipofika Kasese jioni, habari ilikuwa imenitangulia kwa simu. Mke wangu alikuwa akichambua mchele. Nilitaka anipigie kelele, nikae kimya nipigiwe, maana hiyo naiweza. Hakupiga kelele.

"Ule mama," akasema, "hata siku njia ya mpakani ilikuwa imefungwa na sisi wote tumeogopa, alingoja ifunguliwe akaja wa kwanza."

"Nifanye nini?"

"Sijui. Mimi sijawahi kumfukuza."

Akaendelea na mchele wake. Nikatoka nje nikakaa juu ya jiwe mojawapo kati ya mawe yangu meupe. Simu ikalia, alikuwa rafiki yangu akiniambia sare imeshapatikana na ni ya kipimo changu. Kwa dakika kadhaa nilifurahi. Nikajisemea kwamba kila mtu na kazi yake, na kazi yangu ni hiyo. Miaka yote nililipwa kwa kushuku, nikawa hodari, nikapewa na cheo. Nani anabadilika akiwa na umri huu?

Lakini nilikuwa nimemwona mke wangu akikung'uta kitenge kile, na sikuweza kusahau uso wa msichana kilipomwangukia begani. Ulikuwa uso wa mtu aliyepewa kitu bila kuulizwa maswali. Nilitaka watu wanitazame hivyo walau kwa muda uliobaki. Nilikuwa nimetazamwa vya kutosha na watu wanaojiandaa kufungua mikoba. Nilikaa pale mpaka chokaa ikahamia kwenye suruali yangu, nikaingia ndani, nikamwambia mke wangu kwamba Jumanne asinisindikize.

Jumanne ile sikukunja kitu. Nilifungua vitenge vyote. Nilivitundika kwenye kamba, nikavilaza mezani vikining'inia mpaka chini, vingine nikavirusha tu vikae vitakavyo. Mikono ilikuwa inanisaliti, kila mara inataka kunyoosha kona, ikabidi niiweke mfukoni. Jirani yangu alisimama kumimina chai akaacha kikombe kikafurika.

Yule mama alikuja, kama kila siku ya soko, lakini si kwetu. Alisimama kwenye meza ya mtu mwingine mwisho wa safu, akishika kitambaa kimoja na kukiacha, akishika kingine. Nilichukua kitenge cha kijani chenye ndege wa njano, nikakitupa begani mwangu ili nisiwe na mahali pa kujificha, nikatembea kati ya meza. Watu wakaanza kuguna. Mimi ni mrefu, na kitenge kile kilikuwa na ndege wengi.

Nilifika mbele yake nikasimama. Maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima kutoka Kasese yalipotea. Kilichotokea ni kwamba niliinua mikono, yote miwili, juu kabisa.

"Mama," nikasema, "leo ni zamu yangu. Nilikukosea mbele ya watu, na mbele ya watu naomba radhi."

Alinitazama kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Mikono ilianza kuuma. Nikafanya kama ninataka kuishusha.

"Bakia vile vile," akasema.

Nikabaki. Aliweka chini kitambaa cha watu, akanizunguka polepole, akakivuta kitenge cha begani kidogo kushoto, akarudi nyuma kukitazama. Kisha akatembea mpaka kwenye meza yetu, nami nikamfuata nikiwa nimenyoosha mikono kama msalaba, maana hakuwa ameniambia niishushe. Akachukua kimoja, akakining'iniza kwenye mkono wa kulia. Akachukua kingine, mkono wa kushoto. Akataka kuona jinsi kinavyoanguka, akasema nigeuke. Nikageuka. Watu walishajaa. Wanawake walianza kuvuta vitambaa wenyewe na kunipachika navyo, mmoja akaniuliza kama naweza kutembea kidogo. Niliongoza platuni, kama nilivyosema. Siku ile niliongozwa.

"Hii bikwembe yako ya leo iko muzuri," mama alisema akimaliza. Kwao kitenge ni kikwembe. "Ijumaa ilikuwa imelala sawa na wagonjwa." Akakunja mzigo wake, mkubwa, akaukumbatia, lakini hakuondoka. Alinyoosha kiganja. "Na matabishi?"

Matabishi ni ile nyongeza ndogo ambayo mteja wa ng'ambo hutarajia akishanunua. Nilimpa kile cha kijani chenye ndege. Akakichukua begani mwangu mwenyewe, na hapo tu ndipo niliposhusha mikono.

Sidanganyi kwamba baada ya hapo nilikuwa muuzaji. Niliendelea kuwaambia watu waseme shida zao, ila nilianza kusikiliza shida zenyewe. Nikagundua kwamba karibu kila kitenge kina sababu. Huyu anaoza binti, yule amefiwa na shemeji, yule mwingine hana lolote ila amechoka kuvaa kahawia. Nilikuwa nimekutana na maelfu ya watu maishani nikiwauliza wanatoka wapi na wanaenda wapi, na sikuwahi kumngoja hata mmoja amalize kujibu. Sasa nilikuwa nangoja. Nilirudi nyumbani na habari za watu mpaka mke wangu akaniomba ninyamaze ale. Nilijifunza kusema "wabukire" asubuhi kwa Kikonzo bila kuchekwa sana. Nilinunua miwani ya kusomea ili nione maua madogo kwenye vitambaa. Hakuna aliyeniambia kwamba katika umri wa makamo mtu anaweza kuwa mwanafunzi tena na akafurahia, kwamba goti linaweza kuchakaa huku kitu kingine ndani kikichipua. Nilikuwa na furaha, na nilishangaa kuwa nayo.

Ijumaa ya mwisho kabla ya Idi nilikuwa nafungua sanduku mke wangu aliponipigia simu kutoka kwenye chumba chake. Nyuma yake nilisikia cherehani.

"Leo siji," akasema.

"Sawa. Jumanne?"

"Jumanne pia siji."

"Utakuja lini?"

"Siku utanialika," akasema, akakata.

Nilikaa juu ya sanduku. Mzee wa chupa za chai aliniuliza kama kuna msiba, nikamwambia hapana, nimepewa meza. Akanimiminia chai, akanipa na kikombe chenyewe.

Adhana ya mchana ilipoita nilifunika meza kwa ile shuka ya maua. Nilitembea na mzee mpaka msikitini tukizungumza juu ya mbuzi wa Idi, nikaswali, nikasalimiana na watu mlangoni, nikarudi bila haraka. Katikati ya njia ndipo nilipokumbuka kwamba sikuwa nimegeuka hata mara moja kutazama meza.

Niliikuta ina mlinzi. Rafiki yangu alikuwa amesimama mbele yake na sare yake ya kampuni, miguu imeachana, mikono nyuma, mfuko wa plastiki miguuni. Hatua chache mbele yake, juu ya kigoda cha jirani, alikaa mama wa ng'ambo, kikapu magotini, amemkazia macho.

"Afande," rafiki yangu akasema kwa hasira ya kweli, "unaachaje mali hivi, bila mutu? Huyu mama alikuwa ameingiza mukono tayari."

"Papa," mama akaniuliza, "huyu ni ndugu yako?"

"Ndiyo, mama."

"Nilijua. Naye aliniambia niinue mikono." Akapangusa kikapu chake. "Leo nilikatala."

Niliondoa shuka. Nikamwomba mama radhi kwa niaba ya jeshi zima, akapokea. Rafiki yangu akaniinulia mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na sare, imekunjwa vizuri, kona zake zina makali.

"Wanataka jibu leo," akasema.

"Waambie nawashukuru. Nimepata kazi."

"Hii?"

"Hii."

Rafiki yangu aliweka mfuko chini ya meza, akabaki amesimama akitazama vitambaa vinavyopepea kwenye kamba, wanawake wanaovishika, mzee wa chupa za chai akitukanana kwa mapenzi na mteja wake. Alivua kofia. Nywele zake zilikuwa nyeupe kuliko zangu, na sikuwa nimeziona tangu astaafu.

"Kule kwa geti," akasema taratibu, "toka asubuhi mpaka jioni hakuna mutu ananiongelesha. Wanafungua mukoba, wananionyesha, wanapita."

Mama wa ng'ambo alikuwa ameshasimama na kuchagua. Alishika kitenge chekundu, akanitazama, akaona mikono yangu imejaa vitu, akamgeukia yeye.

"Weye murefu," akasema. "Inua mikono. Nataka kuona vile inaanguka."

Rafiki yangu alinitazama mimi kwanza, akingoja amri. Sikumpa. Akaweka kofia yake juu ya meza, akainua mikono mwenyewe.